Word ya Kulipia au Programu ya Bure? Uliza Kwanza Faili Linakwenda kwa Nani

Bure ni neno lenye makali pande mbili. Ukipewa kitu bure, hukutoa senti. Ukihangaika bure, hukupata faida. Watu wengi wakisikia habari za programu ya kuandikia ya bure hushika ile maana ya pili kabla hata hawajaifungua. Wengine hushika ya kwanza kwa furaha, mpaka siku hati yao inaporudi kutoka kwa mtu mwingine ikiwa imevurugika, jedwali limepanda juu ya aya na namba za kurasa hazisomeki.

Nimeandikia za kulipia na za bure kwa miaka ya kutosha kuona kwa nini ubishi wa ipi ni bora hauishi. Watu hulinganisha vitufe. Kwa kuandika barua, ripoti au hadithi, vitufe vya pande zote mbili vinatosha na kubaki. Kinachoamua ni nani atakayelifungua faili baada yako, na atalifanyia nini.

Kuna bure, na kuna huria

Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa, tuyatumie. LibreOffice, programu ya ofisi ya kusakinisha kwenye kompyuta, ni huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka anausoma, anaubadili na kuusambaza. Haina akaunti wala muda wa majaribio. Ukishaisakinisha ni yako, hata kama kompyuta haitaona intaneti mwaka mzima.

Google Docs ni ya bure lakini si huria. Hulipi, ila unaandikia nyumbani kwa mtu, na mwenye nyumba ndiye anayepanga masharti. Word ya kwenye kivinjari iko kundi hilohilo: inataka akaunti ya Microsoft tu, lakini imepunguzwa, kwa mfano, haiendeshi makro, yaani amri ndogondogo zinazojiendesha ndani ya hati. WPS Office nayo ni ya bure kwa mtindo wa matangazo, na baadhi ya vipengele vimefungwa mpaka ulipie. OnlyOffice ya kusakinisha kwenye kompyuta ni huria, na imejengwa juu ya .docx, muundo wa mafaili ya Word, tangu msingi, ndiyo maana baadhi ya watu wanaobadilishana mafaili na wenye Word huipenda kuliko LibreOffice. Wenye kompyuta za Apple wana Pages bila kulipa.

Upande wa kulipia, Word inauzwa kwa njia mbili. Kuna usajili wa Microsoft 365, unaolipwa kwa mwezi au kwa mwaka. Na kuna Office 2024, unayoinunua mara moja kwa kompyuta moja na kubaki nayo ilivyo, bila vipengele vipya vitakavyokuja baadaye.

Tahadhari moja kabla hatujasonga. Ukitafuta programu ya bure utakutana pia na jina OpenOffice, na lina historia. Kampuni ya Kijerumani ya Star Division ilitengeneza StarWriter miaka ya 1980. Sun Microsystems ikainunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, wachangiaji wengi waliingiwa na wasiwasi, wakajitenga Septemba mwaka huohuo na kuanzisha The Document Foundation. Huko ndiko LibreOffice ilikozaliwa. Jina la zamani lilikabidhiwa taasisi ya programu huria ya Apache, na toleo lake la 4.1 ni la mwaka 2014. Tangu hapo yametoka marekebisho madogomadogo tu. Apache OpenOffice inafungua faili la .docx lakini haiwezi kulihifadhi kwa muundo huo. Basi aliyejaribu OpenOffice miaka ile, akachukia, na bado anasema za bure hazifai, anahukumu programu ambayo wenyeji walishaihama.

Faili lenyewe

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda.

Chukua nakala ya hati yoyote ya .docx, badili mwisho wa jina lake uwe .zip, kisha ifungue. Utakuta ni mfuko: ndani mna vijifaili vya maandishi, picha zako zikiwa kwenye folda yao, na maelezo ya mitindo kando. Fanya hivyo kwa .odt, muundo wa LibreOffice, utakuta mfuko kama huo uliopangwa kwa utaratibu mwingine. Miundo yote miwili ni viwango vya kimataifa vya ISO, wa .odt tangu 2006 na wa .docx tangu 2008. Kwa jinsi viwango vilivyoandikwa, basi, hakuna siri, na programu yoyote inaweza kuisoma yote.

Mbona hati zinavurugika?

Kwa sababu kiwango kinasema kuna nini kwenye hati, lakini ni programu inayoamua mstari ukatike wapi. Mstari mmoja ukikatika neno moja mapema, aya inaongezeka mstari. Aya tano zikiongezeka, picha inasukumwa ukurasa wa pili. Na picha ikihama, kila kilichoko chini yake kinahama. Mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri, iliyokuwa fonti ya kawaida ya Word tangu 2007 hadi Aptos ilipochukua nafasi yake, ni mali ya Microsoft na haiji na LibreOffice. Ili kuziba pengo, LibreOffice huja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation Serif kwa ajili ya Times New Roman. Sura inatofautiana kidogo, lakini mistari inakatika palepale. Ukitumia fonti isiyo na pacha wa namna hiyo, kompyuta ya mwenzako itaivisha hati yako nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima haikosi kupwaya.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Nilituma ripoti ya kurasa 40, ikafika kwa mpokeaji ikiwa kurasa 43, na orodha ya yaliyomo ikimwelekeza kwenye kurasa ambazo sura zilikuwa zimeshazihama. Nikailaumu programu ya bure wiki nzima. Kumbe nilikuwa nimepakua fonti ya mapambo ambayo mwenzangu hakuwa nayo. Hata ningeiandika kwa Word tukio lingekuwa lilelile.

Kwa hiyo uliza: mpokeaji atafanya nini na faili? Kama atasoma au atachapisha tu, mtumie PDF, na hapo tofauti kati ya programu zote nilizotaja inayeyuka. Zote zinatoa PDF bila malipo, na PDF inaweza kubeba fonti zake ndani. Mtu ambaye kazi zake zote hutoka nyumbani kama PDF, wasifu wa kazi, ankara, barua, mashairi, sioni analipia nini akilipia Word.

Kama mpokeaji atahariri, hesabu inabadilika. Mhariri, msimamizi wa tasnifu au mwanasheria anayerudisha hati mara nne, kila badiliko likiwa na rangi yake na maoni pembeni, anahitaji mzunguko usiopoteza kitu. LibreOffice inayasoma na kuyahifadhi mabadiliko hayo kwenye .docx, na kwa hati ya kawaida sijawahi kulia. Hati yenye majedwali ndani ya majedwali, visanduku vya maandishi vinavyoelea, fomu za kujaza na michoro iliyotengenezwa ndani ya Word ni habari nyingine: kila safari ya kwenda na kurudi huacha mkwaruzo, na ukizidi mizunguko mitatu unaanza kurekebisha mikwaruzo badala ya kuandika. Hapo fuata anachotumia mwenzako. Akitumia Word, lipia Word. Akitumia LibreOffice, mtakuwa salama zaidi mkibaki wote kwenye .odt kuliko kujifanya mna Word.

Hata serikali zinavutwa huku na huku na jambo hilihili. Uingereza iliuchagua muundo wa ODF, huo wa .odt, mwaka 2014 kwa ajili ya hati za serikali zinazohitaji kuhaririwa. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kuhamishia kompyuta zake zipatazo 30,000 kwenye LibreOffice. Kusini mwa nchi hiyohiyo, jiji la Munich, lililokuwa limeshahamia programu huria kwa jasho la miaka mingi, liliamua mwaka 2017 kurudi Windows.

Malipo, na siku unapoacha kulipa

Swali ambalo wauzaji hawalitangulizi ni hili: nikiacha kulipa, nini kinatokea? Usajili wa Microsoft 365 ukiisha, Word ya kwenye kompyuta yako inabaki ya kusomea. Utafungua hati na kuzichapisha kwenye karatasi, lakini huwezi kuandika wala kuanzisha mpya. Wengi huogopa kwamba hati zao zimefungiwa. Hazijafungiwa. Kufuli liko kwenye kalamu, daftari liko wazi. Faili lilelile la .docx litafunguka LibreOffice jioni hiyohiyo, na utaendelea ulipoishia.

Kununua mara moja nako kuna mwisho wake. Office 2016 na Office 2019 ziliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Bado zinafunguka, lakini hazipati tena viraka vya usalama, na hati zinazotoka kwa watu ni mlango mkongwe wa virusi. Office 2024 imepewa mpaka Oktoba 2029. Kwa hiyo hicho unachonunua ni utulivu wa mpaka tarehe hiyo. Si bei mbaya kwa mtu asiyependa kuona makato ya kila mwezi, mradi ajue hajanunua cha maisha.

Usajili una hoja moja ya kweli ambayo haihusu kuandika kabisa: nafasi ya kuhifadhi. Kifurushi cha familia kinaruhusu watu hadi 6, kila mmoja na terabaiti 1 mtandaoni. Kama mlikuwa mnatafuta mahali pa kuweka picha za nyumba nzima, Word inakuwa nyongeza juu ya mzigo. Kwa upande mwingine, Januari 2025 Microsoft iliingiza msaidizi wake wa akili mnemba, Copilot, katika vifurushi vya watu binafsi na kupandisha bei. Ndiyo tabia ya usajili. Huchagui kila unachouziwa.

Bure nayo ina ankara yake, haiji kwa posta tu. Google inakupa gigabaiti 15, lakini hizo zinagawanywa kati ya hati, barua pepe na picha, na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kuna mtego mwingine unaowashika hata wajanja: yale mafaili yenye mwisho .gdoc unayoyaona kwenye folda ya kompyuta yako hayana maandishi yako ndani. Ni anwani tu, inayokurudisha mtandaoni. Ukiyanakili kwenye diski ukidhani umeweka akiba, umehifadhi funguo za nyumba na kuiacha nyumba. Ukitaka nakala ya kweli, pakua hati kama .docx au .odt.

LibreOffice inakutoza saa. Aliyekulia kwenye Word yenye utepe wa vitufe juu atapotea siku za kwanza katika menyu za mtindo wa zamani. Mwonekano unaofanana na utepe upo, unawashwa kwenye mipangilio ya kiolesura, lakini watu wachache wanaambiwa. Na ukikwama, bila kulipia msaada huna kampuni ya kupigia simu; unauliza watumiaji wenzako, ambao kusema kweli mara nyingi hujibu vizuri.

Kuandika wengi kwa pamoja

Hapa sina ubishi. Google Docs ndiyo nyepesi zaidi: tuma kiungo, watu waandike, hadi 100 kwa wakati mmoja. Word ya usajili inaweza pia, hati ikiwa kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. LibreOffice ya kwenye kompyuta haiwezi. Mtu wa pili akifungua hati uliyoifungua ataambiwa imeshikwa, asome tu au achukue nakala. Kama kazi yako ni kumbukumbu za vikao na rasimu za kamati, usijitese.

Kazi nzito

Tasnifu na vitabu ndiko watu hudhani Word haina mpinzani. Sikubaliani. LibreOffice Writer ina mitindo ya kurasa: unaamua kwamba kurasa za utangulizi zina namba za Kirumi, za mwanzo wa sura hazina namba juu, na zilizobaki zina za kawaida, kisha unaziachia. Word inafanya yaleyale kwa kuikata hati vipande, na atakayefuta alama ya mkato mmoja kwa bahati mbaya ataona namba zikikimbia hovyo. Marejeo pia si sababu ya kulipa, maana Zotero, programu ya kupanga marejeo ambayo yenyewe ni huria, inaungana na Word, LibreOffice na Google Docs. Google Docs ndiyo ninayoiogopa kwa kitabu. Kikomo chake ni herufi milioni 1.02, na kabla hujafika huko kivinjari kitakuwa kimeshaanza kukohoa.

Makro ndizo ngome ya Word. Ofisi yenye violezo vinavyojijaza vyenyewe, vilivyoandikwa kwa lugha ya VBA miaka kumi iliyopita na mtu aliyeshaondoka, ibaki ilipo. LibreOffice inaendesha baadhi ya makro hizo na nyingine inazikwaa, na kujua ni zipi ni kazi ya wiki kadhaa.

Kompyuta kuukuu nayo ina kura. Microsoft 365 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 4 kwenye diski ya Windows. LibreOffice inaridhika na nafasi isiyozidi gigabaiti 1.5, na kumbukumbu yake ya chini ni megabaiti 256 tu, ingawa kwa kiwango hicho utakunywa chai ukisubiri.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna jambo dogo la pembeni. Word na LibreOffice zote zina ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili, na zote zinaweza kukupigia mstari mwekundu chini ya neno sahihi kabisa kama *hatujawaandikia*, kwa sababu kitenzi chetu kimoja huzaa maneno mengi kuliko orodha yoyote inavyoweza kubeba. LibreOffice hutumia kikagua tahajia kiitwacho Hunspell, kilichobuniwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha nyingine inayobandika viambishi kama sisi. Kwa hiyo msingi wa kufanya vizuri upo. Ni ubora wa kamusi iliyowekwa juu yake unaopungua. Vyovyote utakavyochagua, soma kazi yako kwa macho.

Ile ya tatu ambayo haitajwi

Watu wengi wanaosema wanatumia Word ya bure wanatumia Word iliyovunjwa kufuli. Tuache sheria na maadili kando. Kile kijiprogramu cha kuvunjia kufuli huomba kwanza uzime kinga ya virusi, na wewe unakubali, kisha unakipa mamlaka yote juu ya kompyuta. Mgeni aliyekwambia mfunge mbwa kwanza ndipo aingie, ungempa chumba cha kulala? Ikiwa umefika mahali pa kuiba Word kwa sababu huwezi kuilipia, LibreOffice au Word ya kwenye kivinjari itakufaa zaidi.

Kabla hujalipa, jaribu hivi

Usijaribu programu kwa barua ya mistari kumi. Kila programu hufaulu mtihani huo. Itafute hati yako ngumu kuliko zote, yenye majedwali, tanbihi, picha, yaliyomo na mabadiliko ambayo hayajakubaliwa. Tengeneza nakala. Ifungue kwenye programu ya bure unayoifikiria, ongeza aya mbili, futa moja, andika maoni pembeni, ihifadhi kama .docx. Mtumie mtu mwenye Word, yule ambaye kwa kawaida ndiye hupokea kazi zako, na umwombe naye abadilishe kitu kisha airudishe.

Ikirudi, angalia vitu vinne tu: idadi ya kurasa, namba za tanbihi, majedwali yalipokatika, na kama maoni ya kila mtu bado yana jina lake. Vikiwa salama vyote, bakisha pesa yako mfukoni. Kimoja kikiwa kimeharibika, badili fonti kwanza, urudie safari nzima mara moja zaidi, ndipo utoe kadi ya benki.